Kabla hujajaza kozi ya chuo, uliza Jumanne yake ikoje

Mpiga Kasia (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki hii vijana watatu wa ukoo wetu wamenipigia simu, wote na swali lilelile: "Kaka, nijaze kozi gani?" Nilikuwa kazini, nikawajibu juujuu, na kila nilipokata simu roho ilinisuta. Jambo litakalobeba miaka mitatu, minne au mitano ya mtu halijibiwi kwa dakika mbili. Usiku huu nimekaa chini niandike kwa kirefu, na wenye uzoefu wao nawaomba waongeze.

Naanza na langu. Mimi nilichagua kozi kwa sababu ya jina. Nilijaza uchumi. Nilikuwa mtu wa kufuatilia mijadala ya bajeti na kupanda kwa bei, nikadhani chuoni tutakaa tujadiliane kwa nini nchi hii imeinuka na ile imekwama. Mtaala sikuufungua hata mara moja. Kufika wiki ya tatu ya muhula wa kwanza, asubuhi nina kalkulasi, mchana takwimu, usiku nafumbua milinganyo. Ile mijadala niliyoiota ilikuwepo, ila ilikuwa sehemu ndogo na iliwasubiri waliokwisha kuzimudu hesabu. Wenzangu waliozipenda hesabu walikuwa wanang'aa. Kozi haikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyeingia bila kuuliza ndani kuna nini. Mwaka uliofuata nikahamia jiografia, nikaanza upya na waliokuja nyuma yangu, na leo kazi yangu ni ramani. Nimeridhika nayo, lakini ule mwaka nimeulipia.

Tangu hapo kila anayeniuliza namrudishia swali: Jumanne ya kozi hiyo unaijua? Sisemi siku ya kuripoti, wala siku ya joho. Nasema Jumanne ya katikati ya muhula, sherehe hakuna, mtihani hakuna, ni wewe na kazi yako. Mtu wa kozi hiyo akiamka anafanya nini? Anasoma, anahesabu, anachora, anahudumia watu, anaandika? Ukiweza kuifanya kazi ya Jumanne kwa wiki thelathini bila kuichukia, kozi hiyo inakufaa. Usipoweza, jina zuri halitakusaidia.

Chukua sheria. Wengi tunaiona kwa sura ya wakili aliyesimama mahakamani anaongea. Jumanne ya mwanafunzi wa sheria ni kusoma hukumu. Kurasa na kurasa, anatafuta zile sentensi chache zilizobeba sababu ya uamuzi na kuzitenga na yale jaji aliyoyasema kwa kupita tu. Kama kusoma kwa saa nne mfululizo kunakuumiza, sheria itakuumiza, hata uwe msemaji hodari namna gani. Usanifu majengo ni kubandika michoro ukutani, wahadhiri wakaikosoa mbele ya darasa zima, kisha ukarudi kubomoa kazi ya wiki mbili. Sayansi ya kompyuta ni kukaa na kosa moja lililojificha katika mistari mia tano mpaka ulione. Na saikolojia ndiyo inayoshangaza wengi zaidi: mtu anakuja akitegemea kuzungumza na watu juu ya maisha yao, anakutana na takwimu na mbinu za utafiti tangu mwaka wa kwanza.

Pia jua kwamba ratiba ya vipindi inadanganya. Unaona saa kumi na tano za mihadhara kwa wiki, unasema kumbe nitakuwa na nafasi tele. Mfumo wa krediti unaotumika vyuo vya Ulaya unahesabu krediti 60 kwa mwaka, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi. Piga hesabu: saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka. Zinazobaki nje ya mihadhara ni za kwako peke yako, maktaba, maabara, kimbweta (yale meza ya nje ya kusomea), usiku chumbani. Huko ndiko kozi inakoishi, na huko hakuna wa kukusukuma. Ndiyo maana nasisitiza kuipenda kazi yenyewe.

Hilo la kwanza. La pili ni maisha ya chuo, na hapa nitatofautiana na wengi.

Tumezoea kuambiwa vitu viwili: kuna kusoma na kuna kula bata, chagua kimoja. Mimi naona hapo tunawapotosha wadogo zetu. Nusu ya chuo iko nje ya darasa, na wala si nusu ya starehe tupu.

Mtazameni Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuko ya viumbe. Baba yake alikuwa daktari, akampeleka chuo cha Edinburgh, Scotland, mwaka 1825 kusomea udaktari, kijana ana miaka 16. Enzi hizo upasuaji ulifanywa bila ganzi. Etha na klorofomu zilikuja kuingia hospitalini miaka ya 1840. Kijana alishuhudia upasuaji, akatoka mbio, hakurudi tena kwenye chumba kile. Kwa kipimo cha kozi, alifeli. Lakini akiwa hapohapo Edinburgh alijiunga na chama cha wanafunzi waliopenda elimu ya viumbe, na alimlipa John Edmonstone, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa Guyana, amfundishe namna ya kuhifadhi ngozi za ndege. Ujuzi huo haukuwa kwenye kozi yake. Mwaka 1828 akaanza Cambridge, mara hii ili awe mchungaji. Huko akawa anakusanya mbawakawa wa kila aina, wale wadudu wenye mabawa magumu, na kutembea kila mara na profesa wa mimea, John Henslow, mpaka watu wakamjua kama yule kijana anayetembea na Henslow. Alipohitimu mwaka 1831, Henslow ndiye aliyempendekeza kwenye safari ya meli ya Beagle. Iliondoka tarehe 27 Desemba mwaka huohuo, na ikachukua karibu miaka mitano. Kilichobaki dunia nzima inakijua.

Tazama kilichomfikisha pale: chama cha wanafunzi, fundi wa kuhifadhi ndege, matembezi na profesa. Hakuna hata kimoja kilichotahiniwa. Vyote vilikuwa chuoni, na vyote alivifurahia.

Kwa hiyo nikisema furahia maisha ya chuo, namaanisha hivyo. Nenda kwenye mdahalo. Imba kwaya. Cheza mpira, hata wa kukaa benchi. Ingia mhadhara wa kitivo kingine ambako hakuna anayekujua. Ukiwa na swali la kweli, mfuate mhadhiri ofisini kwake. Wengi wao hukaa saa nzima ya kuonana na wanafunzi bila mlango kugongwa.

Naishia hapa kwanza. Karibuni.

Mama wa Watatu

Mwanangu Mpiga Kasia, nimesoma yote na nimeguswa. Ila sisi wazazi mtuelewe. Nina watoto watatu, mmoja anajaza mwaka huu. Anataka sanaa za maonyesho. Naona anavyoipenda, hata akiosha vyombo anaigiza. Lakini mimi ndiye nitakayelipa, na mimi ndiye nitakayemwona amekaa nyumbani na cheti chake akikosa kazi. Ukiniambia nitazame Jumanne ya chuoni, nitakuuliza: na Jumanne ya baada ya chuo?

Dada wa Wodi

Shikamoo mama, na hongera mleta uzi. Mimi nipo mwaka wa tatu uuguzi, naomba nieleze Jumanne yangu kwa anayeifikiria.

Ukiwa zamu ya asubuhi unafika wodini kabla hakujapambazuka vizuri. Unapokea taarifa kutoka kwa waliokesha: nani hali imebadilika, nani hajala, nani anasubiri upasuaji. Unapima joto, mapigo ya moyo, presha, upumuaji, unaandika. Unamgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia. Unamsafisha mtu mzima anayeona aibu, na kazi yako ni kufanya aibu ile impungukie. Mchana unarudi darasani, dawa na dozi, na hesabu ya dozi haina "karibu sawa". Jioni unaandika ripoti ya ulichokifanya.

Mwaka wa kwanza tuliingia wengi. Walioondoka mapema hawakushindwa masomo. Ni waliokuja kwa sababu waliambiwa kozi hii haikosi ajira, halafu wakakutana na mwili wa binadamu. Mimi siku ya kwanza kufiwa na mgonjwa nililia chooni, nikaosha uso, nikarudi. Nilirudi kwa sababu niliona mwuguzi mkuu alivyozungumza na ndugu wa marehemu, nikasema nataka kuweza kufanya vile.

Mnaotaka kozi za afya, tafuteni namna ya kukaa hospitalini hata siku mbili kabla ya kujaza, kwa kujitolea, kusaidia chochote kinachoruhusiwa. Siku mbili zitawaeleza kuliko vipeperushi vyote.

Nasubiri Majibu

Wakuu, mimi ndiye mlengwa wa uzi huu. Nimebakiza siku chache kujaza. Nina mbili kichwani: uhandisi wa ujenzi na ualimu wa fizikia. Fizikia naipenda sana, na wenzangu hunifuata niwaeleweshe. Nyumbani wanasema uhandisi una heshima na pesa. Nikisoma hapa nachanganyikiwa zaidi. Nisaidieni, kaka na dada zangu.

Mpiga Kasia

Nianze na mama. Shikamoo mama. Swali lako ni la haki kabisa, na kijana anayelipuuza anajidanganya. Soko la kazi lipo, na mapenzi ya kozi hayalipi kodi ya nyumba.

Nikupe mfano wa mtu aliyelazimika kulitazama soko usoni. Arthur Lewis alizaliwa kisiwa cha Saint Lucia mwaka 1915. Alitaka kuwa mhandisi. Lakini chini ya ukoloni, si serikali wala makampuni ya wazungu waliokuwa tayari kumwajiri mhandisi mweusi, na yeye alilijua hilo. Basi akaenda London mwaka 1933 kusomea biashara, ili arudi afanye kazi ambayo angeipata. Ndani ya kozi hiyo kulikuwa na somo la uchumi, ambalo mwenyewe amesimulia kwamba kabla ya hapo hakujua hata ni kitu gani. Akalipenda, akazama. Mwaka 1979 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Naupenda mfano huu kwa sababu haumpi ushindi mzazi wala mtoto. Alichagua kwa kuangalia ajira, ndiyo. Lakini kilichomfikisha mbali ni somo alilolikuta ndani, akaona linamshika. Soko lilimwonyesha mlango. Chumba cha kukaa alikichagua mwenyewe.

Kwa mwanao, mama, mimi ningekaa naye mezani na kalamu. Mwulize: waliomaliza kozi hii miaka mitano iliyopita wako wapi? Asikwambie "nasikia". Awatafute, angalau watano, awaulize wanaishi kwa kazi gani. Mtu wa maonyesho anaweza kuwa anaandika miswada, anafundisha, anaendesha vipindi vya redio, anapanga matukio. Au anaweza kuwa amekwama kweli, na hilo mnapaswa kulijua wote wawili. Pia aulize kama mtaala unamruhusu kuongeza masomo ya kitivo kingine. Mtoto aliyeifanya kazi hiyo ya kutafuta, halafu akarudi bado anaitaka, ni tofauti na aliyekaa kitandani akaota.

Sasa wewe, Nasubiri Majibu. Usichague kwanza. Ndani ya siku ulizonazo fanya haya. Tafuta mtaala wa kozi zote mbili, wa mwaka wa pili na wa tatu hasa, kwa kuwa mwaka wa kwanza kozi nyingi zinafanana. Soma majina ya masomo na maelezo yake, weka alama kwenye yale ambayo ungeyasoma hata bila mtihani. Halafu hakikisha kozi unayoitaka inatambuliwa na bodi ya taaluma hiyo. Uhandisi, udaktari, sheria, uuguzi, ufamasia, ualimu: bila kutambuliwa na bodi unaweza kuhitimu na usiruhusiwe kufanya kazi. Hili usilikisie, liulize kwa maandishi. Mwisho, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kila kozi. Mwaka wa kwanza bado ana msisimko, aliyehitimu amesahau. Wa mwaka wa tatu ndiye yuko ndani ya Jumanne zenyewe.

Na lile la wenzako kukufuata uwaeleweshe, usilipite kama jambo dogo. Watu hawamfuati mtu asiyeeleweka.

Kona ya Kulia

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini hiyo sehemu ya "furahia" nina neno nayo, maana mimi nilidisko, yaani niliondolewa chuo kwa kufeli.

Naiandika bila kuzunguka ili isaidie. Nilitoka shule ya bweni yenye kengele ya kila kitu, kengele ya kuamka, ya kula, ya kulala. Nikafika chuo, hakuna kengele. Hakuna aliyeuliza kama nimeingia kipindi. Nikajiunga na vyama vinne, timu ya mpira, na kikundi cha muziki. Vyote vizuri, hakuna kiovu hata kimoja, na wengi wakisikia nilidisko wanadhani ilikuwa pombe. Haikuwa pombe. Ni mambo mema yaliyojaa mpaka masomo yakakosa pa kukaa. Asaimenti nilikuwa nakopi usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Muhula wa kwanza nikala sapu tatu, mitihani ya kurudia masomo niliyofeli, nikajipa moyo. Mwisho wa mwaka jina halikuwepo.

Nilikaa nje mwaka mzima kabla ya kuanza upya chuo kingine. Mara ya pili nilichukua kimoja tu: mpira. Mazoezi mara tatu kwa wiki, saa zinajulikana. Ukinituliza na ratiba naweza. Kwa hiyo mdogo wangu unayejaza, muhula wa kwanza chukua kitu kimoja nje ya darasa. Kimoja. Ukiona matokeo ya muhula yametulia, ongeza cha pili.

Mpiga Kasia

Kona ya Kulia, asante kwa kulisema. Nakubali, na naurekebisha ushauri wangu: muhula wa kwanza kimoja. Darwin mwenyewe mwisho ilibidi ajifungie kwa miezi kadhaa ili avuke mtihani wa Cambridge.

Msahihishaji

Nafundisha semina za mwaka wa kwanza, nami nina la kuongeza kwa upande wa kusoma kwenyewe, kwa sababu wanafunzi wengi wananyimwa raha ya chuo na njia mbovu ya kusoma. Anakaa maktaba saa sita, anatoka hana kitu, usiku hana amani, kesho anarudia.

Njia mbovu iliyoenea ni kurudia kusoma madesa, yaani noti, na kupaka rangi mistari. Ukisoma mara ya nne unaona unayajua, kumbe macho ndiyo yameyazoea. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini wasome. Kundi moja liliisoma tena, jingine lilifunika na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walifanya vizuri zaidi. Baada ya siku mbili, na baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojitahini ndio waliokumbuka zaidi, kwa tofauti kubwa. Mtihani wa chuo hauji baada ya dakika tano.

Ninachowaambia wanafunzi wangu: ukitoka mhadharani, kabla ya kufungua simu, chukua karatasi tupu uandike ulichokipata. Dakika kumi zinatosha. Usiku angalia ulichosahau. Rudia baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus aliipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachosahau tunaisahau mapema mno, ndani ya saa na siku za mwanzo. Ukiwahi kurudia, umeokoa kazi nyingi.

Na hivyo vimbweta vyenu vitumieni hivyo. Kikundi cha kusomea kisiwe cha kusomeana. Kila mmoja aje na swali ambalo wengine watalijibu bila kitabu. Mkifanya hivyo saa mbili, Ijumaa jioni mnakuwa huru bila hatia, na hiyo hatia ndiyo inayoharibu bata la wanafunzi wengi.

Mkimya

Samahanini, mimi si mtu wa kuandika sana. Nimesoma habari za vyama na midahalo na moyo umeniingia baridi. Mimi ni mkimya kwelikweli. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakula peke yangu miezi mitatu. Kila mtu humu anasema "jichanganye". Nachanganyikaje?

Dada wa Wodi

Mkimya, mdogo wangu, karibu. Mwenzangu wa chumbani alikuwa kama wewe. Hakuweza kusimama kwenye kundi la watu akaanza mazungumzo. Alichofanya ni kutafuta mahali penye kazi ya mikono. Alijiunga na bustani ya chuo. Pale watu wanapalilia, hakuna anayekulazimisha kuongea, na mazungumzo yanakuja yenyewe mkiwa mmeinama. Mwaka wa pili alikuwa na marafiki wawili wa kweli. Wawili wanatosha kabisa.

Msahihishaji

Nimwongezee Mkimya jambo moja dogo la kivitendo: keti sehemu ileile ya ukumbi kila kipindi. Jirani zako watakuwa walewale. Wiki ya pili utasalimiana nao, wiki ya nne mmoja atakuomba noti. Hukulazimika kuanzisha chochote.

Na usidhani ni urafiki wa kufa na kuzikana pekee wenye thamani. Mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti mwaka 1973 juu ya watu waliopata kazi kwa kupitia watu wanaowafahamu. Wengi wao waliambiwa habari za kazi na mtu wanayeonana naye mara chache tu. Sababu yake ni rahisi: rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua, wa mbali anatoka kwenye duara jingine. Yule wa kusalimiana naye ukumbini amo kwenye hesabu hiyo.

Mama wa Watatu

Marahaba wanangu wote. Nimekaa na binti yangu na kalamu, kama Mpiga Kasia alivyosema. Nilimpa siku nne atafute watu watano waliomaliza. Amewapata sita. Wawili hawafanyi kazi ya fani hiyo. Mmoja anafundisha, mmoja ni mtayarishaji wa vipindi vya redio, mmoja anaandika miswada na kuongoza, mmoja anahangaika bado, naye amemweleza ukweli wote bila kumficha. Binti akaniambia, "Mama, sasa najua ninachokiogopa." Bado anaitaka. Na amekuta kozi inayomruhusu kuchukua masomo ya mawasiliano pembeni. Bado sijatulia moyoni, siwezi kudanganya. Lakini nimemwambia ajaze.

Kona ya Kulia

Mama, Mungu akubariki kwa hilo. Mwambie tu: muhula wa kwanza, kimoja.

Nasubiri Majibu

Wakuu, nimerudi. Nilifanya kama nilivyoagizwa. Mtaala wa uhandisi wa ujenzi, mwaka wa pili na wa tatu: nguvu za miundo, udongo, maji, upimaji, usimamizi wa miradi. Niliweka alama kwenye masomo manne. Ualimu wa fizikia: umekanika, umeme na sumaku, fizikia ya kisasa, mbinu za kufundishia, mazoezi ya kufundisha. Niliweka alama kwenye yote isipokuwa moja.

Mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa tatu niliyempata alikuwa mtu mzuri mno. Alinionyesha ripoti yake ya upimaji wa udongo, anaizungumzia macho yakimng'aa. Nilimsikiliza, nikajiona nasubiri amalize. Halafu nikaenda kwa dada mmoja wa ualimu aliyekuwa anajiandaa na somo la mazoezi, anatafuta namna ya kueleza kwa nini mwezi hauanguki. Nikamwambia, mbona unaanguka, ila unaikosa dunia kila wakati kwa sababu unakwenda pembeni kwa kasi. Akaniambia chora. Tukakaa kwenye ubao mpaka mlinzi akaja kufunga.

Kwenye meza ya nyumbani mambo bado magumu. Baba hajasema ndiyo. Amesema tu nimletee majina ya walimu wa fizikia watano niwaulize wanaishije, naona ameusoma uzi huu au mama amemwambia. Kesho naanza na mwalimu wangu wa zamani. Nitarudi kuwaeleza.

Mpiga Kasia

Nenda, mdogo wangu. Na ukimkuta, mwulize kuhusu Jumanne zake.